Jina Alilopewa Karani wa Kodi

Juzi, sebuleni kwetu Lozells, huku ughaibuni, binti yangu alikuwa akipekua kwenye kompyuta picha za madaftari ya zamani ya kodi na mashamba, alizotumiwa kutoka nyumbani. Anawatafuta wazee wetu, waumini wa mwanzo wa Kanisa la Ndugu.

"Baba, nime-check zote. Hawapo."

Ikanijia harufu ya muhogo wa kuchoma. Mchana mmoja, utotoni, nilikuwa nimechuchumaa mekoni na bibi, mbwa wakabweka, karani wa kodi akaingia uani. Babu, mtu wa Biblia, aliyekuwa akituchapa kwa uongo mdogo tu, aliulizwa jina. Akataja jina ambalo sijawahi kulisikia. Nilimhurumia, nilidhani uzee umemsahaulisha. Nikafungua mdomo nimkumbushe, bibi akaniziba kwa kipande cha muhogo wa moto.

Karani alipoondoka, babu alikuja mekoni.

"Jina langu Mungu analo," akasema. "Hao hawalipati. Baba yangu hakuwapa lake, na baba yake hakuwapa."

Sebuleni, binti yangu alifungua ukurasa mwingine wa daftari la kodi, akaniomba nimtajie tena majina yao, polepole. Nikamtajia yale ya kweli.