Safari ya Baskeli Niliyoiita Mtihani

Kwetu safari haitangazwi. Mtu husema anasafiri akishafika, tena akishafika salama. Mie nimezaliwa Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, zaidi ya nusu ya umri wangu nimeishi Landani, na jambo hilo halijanitoka. Kwa hiyo mwaka ule, mimi na mume wangu tulipoamua kwenda Ureno kupanda baskeli siku nane, neno la kwanza nililomwambia ni kuwa asimwambie mtu.

Wazo lilikuwa lake. Yeye ni mtu wa Mombasa, dereva wa basi hapa Stratford, na daktari alikwishamwonya kuwa kule kukaa kutwa kutammaliza. Akaona tangazo: jua, bahari upande mmoja, michungwa upande wa pili, wala hakuna kiongozi wa kukuswaga kama mbuzi. Unapewa baskeli na ramani ndani ya simu, mabegi yanatangulizwa kwa gari mpaka hoteli utakayolala, na wewe unakwenda kwa mwendo wako. Nikamwambia ana wazimu. Nina miaka hamsini na mbili, nina magoti ya mtu aliyenyanyua wazee wa watu miaka ishirini katika nyumba ya kulelea, halafu nikapande kilima kwa hiari yangu? Akacheka. Wiki ya pili yake nilikuwa nishanunua kofia ngumu.

Tabu ilikuwa Unguja. Mama yangu nilikuwa nampigia kila siku. Siku nane za simu kutoka barabarani, upepo unavuma na mume wangu anahema nyuma yangu, ningezificha vipi? Na kuwaambia ukweli nilikuwa siwezi. Mara ya mwisho nilipotangaza safari, ya Uturuki, mume wangu alivunjika kifundo cha mguu siku mbili kabla ya ndege, na mtaa mzima wa kwetu ukajua ni jicho la nani. Tena hii ilikuwa mbaya zaidi: mwanamke mtu mzima, kavaa suruali, yuko juu ya baskeli, kwa starehe tu. Wangesema Landani imenichizisha.

Basi nikasema nina kozi ya kazi Birmingham, siku nane, na simu haziruhusiwi. Kaka yangu, ambaye ndiye anayekaa na mama, akauliza kozi gani. Uongo nao ukishauzaa, sharti uulishe. Nikasema ni ya vyeti vipya, mwisho wake pana mtihani mkubwa, na anayefeli kazi hana. Mama alikuwa karibu, akasikia. Siku ileile akaanza kuniombea dua.

Mume wangu hakufurahi. Njia ya mwongo fupi, akanambia, na huyo ni mama yako, si afisa wa uhamiaji. Nikamjibu asinifundishe kuishi na watu wangu.

Tukaendelea kupanga. Jumapili tukitoka na baskeli kwenye njia ya kandokando ya mfereji, mie mbele nikipiga kengele hata pasipo na mtu, yeye nyuma akinambia nibadilishe gia. Tukirudi tunakaa meza ya jikoni na ramani, tunagombana. Yeye anataka kilomita hamsini kwa siku, mie nataka thelathini na pahala pa kunywa chai. Siku ya nne ilikuwa na mlima, akaniapia kuwa ni kilima. Nilimwambia nikifa huko anizike hukohuko na baskeli yangu.

Wiki tatu kabla ya safari, mama akaanza kukosekana kwenye simu.

Siku ya kwanza kaka yangu alisema kalala. Sikujali. Ya pili anaoga. Ya tatu kenda kuhani msiba, simu kaiacha nyumbani. Kila siku palikuwa na sababu, na sababu ilikuwa inakuja haraka mno, hata sijamaliza kuuliza. Nikajua: wamejua. Kuna mtu kawaambia kuwa hakuna cha Birmingham wala nini, na mama kanuna. Mama yangu akikasirika hagombi. Hunyamaza, na kunyamaza kwake ni bora uchapwe.

Nikamwandama mume wangu, umemwambia nani? Akaapa hakumwambia mtu, na siku mbili nzima hatukusemezana ila kwa mambo ya chumvi na funguo. Nikampigia binti yetu. Yeye, kama kawaida yake, alinijibu kwa Kiingereza, kuwa hajasema kitu, na kuwa sisi ni watu wazima tunaificha likizo kama tumeiiba.

Basi na mie nikapanda hasira. Nikasema potelea mbali, na wanune. Miaka yote nafanya kazi, sijawahi kwenda pahala ambapo hapana maiti wala harusi, na hiyo moja nayo iwe kesi? Nikakunja nguo, nikafunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena. Kazini bibi mmoja ninayemuogesha aliniuliza kwa nini nimemvisha sweta mbili. Nilisema ni baridi, na hapakuwa na baridi.

Jumapili ya mwisho ilifika. Tulikuwa tunaondoka Ijumaa. Saa tisa u nusu za mchana nilipiga simu, kofia yangu mpya iko mezani, mume wangu ananijazia hewa magurudumu ukumbini. Kaka yangu akapokea. Nikamuuliza mama.

Akasema, "Anasali."

Nikasema haya, nitapiga tena. Nikakata.

Nikakaa. Nikaitazama saa ya ukutani. Kisha nikahesabu. Landani saa tisa u nusu, Unguja saa kumi na moja u nusu. Alasiri imeshasaliwa zamani, na mama yangu hajachelewesha sala hata siku ya kumzika baba yangu. Magharibi bado. Na baina ya alasiri na magharibi hapasaliwi suna. Hilo nimefundishwa na yeye mwenyewe. Alisomesha chuo cha Kurani miaka arubaini, na mie nilichapwa bakora kwa hilohilo, mbele ya watoto wenzangu, kwa kusimama kusali suna saa ambayo si yake. Mtu yeyote Unguja angeweza kuwa anasali saa ile kwa kuchelewa. Mama yangu hawezi.

Nikapiga tena.

Nikamuuliza, "Kaka, mama anasali sala gani saa hizi?"

Mume wangu akaacha pampu akaja kusimama mlangoni, maana sauti yangu ilikuwa imebadilika.

Kaka yangu akaanza kulia. Mtu mzima, kanizidi miaka sita, sikumwona akilia hata kaburini kwa baba. Akanambia mama kapata kiharusi, leo siku ya kumi na sita. Upande wa kulia wote hauna nguvu. Walimlaza hospitali, sasa yuko nyumbani, anasema taratibu, lakini anasema. Nikapiga ukelele: siku kumi na sita, na hamkunambia? Mie ni nani kwenu? Nikamtolea maneno ambayo hata leo naona haya nayo.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Katukataza mwenyewe. Kasema usiambiwe mpaka umalize mtihani."

Mume wangu alikuwa amesikia, maana simu ilikuwa kwenye spika, akaichukua ile kofia mezani akaiweka chini.

Nikamwomba kaka yangu amwekee mama simu sikioni. Nikasikia mkeka, nikasikia mlango, kisha pumzi yake. Nikasema, mama, ni mie. Maneno yake yalikuja moja moja, yamelegea upande.

"Soma, mwanangu. Usije. Maliza kwanza."

Hapo hapo, wallahi, ulimi wangu ulikwishaandaa uongo mwengine. Niseme mtihani umeahirishwa. Niseme nimepewa ruhusa. Ungetoka vizuri tu, na asingejua mpaka siku ya kufa kwake. Niliona haya kuliko nilivyopata kuona haya maisha yangu yote.

"Mama, hakuna mtihani."

Nilidhani hakusikia. Nikarudia. Nikamwambia hakuna kozi, hakuna Birmingham, nilikuwa nakwenda Ureno kupanda baskeli na mume wangu, na nilimficha. Nililia nikisema hayo. Nikangoja anilaani, au anyamaze kwa kile kimya chake.

"Hakuna?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Basi njoo."

Niliondoka Jumatatu jioni. Ndege ikiwa angani, kiharusi cha pili kikampiga. Nilimkuta hai, kalazwa kwa ubavu wa kushoto, macho wazi, na alinijua, kwa sababu aliushika mkono wangu asiuachie mpaka adhana ya magharibi. Lakini ulimi ulikuwa umeshafungwa, na haukufunguka tena. Kaka yangu alinihadithia kuwa siku zile kumi na sita alizungumza kila siku, na kila asubuhi, kabla hata ya kuomba maji, alikuwa anauliza mtihani wangu umebakisha siku ngapi.