Turubai la Kakao

Jirani yangu hapa Mbugani ameanika kakao. Harufu yake, ya siki na ndizi zilizoiva kupita kiasi, imeingia dirishani na kunikuta nimeshika mkasi juu ya kitenge, naogopa kukata. Najifunza kushona mwenyewe kwa video za simu, na nakwambia kweli, nimekipima kitambaa hiki hadi chaki imefunika maua yake.

Harufu hiyo imenirudisha shuleni kwetu Ipyana, darasa la sita, Mwalimu Sekela alipoanza kutufundisha hesabu kwa vishikwambi. Kila kundi lilipewa kimoja. Badala ya maswali mengi ya kujumlisha, kwenye kioo palikuwa na tatizo moja tu: Bibi ana ndoo tatu za kakao mbichi. Atandike turubai la ukubwa gani?

Basi. Hakuna urefu, hakuna upana. Mimi niliyezoea kupata vema tupu, sikuthubutu kuandika kitu. Kundi bora lingeonyesha kazi yake mbele ya wazazi, na mama yangu angekuwepo. Nilikikumbatia kishikwambi, maana kila jibu ambalo tungetuma lingebaki humo, na Mwalimu angeliona.

“We dada, unakiatamia?” Atupele, rafiki yangu, aliniuliza. “Kitaangua lini?”

Akaninyang'anya, akaandika: mita moja. Nikafumba macho.

Kioo kikajibu: Kakao itarundikana na kuota ukungu. Ndoo moja inatandaa kiasi gani? Nenda ukaone.

Kumbe ukurasa huo wa pili ulikuwa haufunguki mpaka mtu ajibu kitu. Kipindi kizima nilikuwa nimeketi mlangoni.

Jioni tulikwenda kwa bibi yangu, aliyelima kakao. Tulimwaga ndoo moja juani, tukaitandaza punje moja moja, tukapima kwa kamba. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. “Mnaanika kakao au mnapanga shanga?” Akavua kandambili, akaisambaza kwa miguu, nene kidogo. Ingepungua unene, alisema, kadiri ambavyo angeigeuza. Tukapima upya. Jibu letu la punje moja moja likawa limezidi mno, lililofuata likapungua, la mwisho Mwalimu akalikubali.

Akatuchagua sisi. Lakini mbele ya wazazi aliandika ubaoni majibu yetu yote, kuanzia ile mita moja. Watu wakacheka, mama yangu naye. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Bibi akasema kutoka nyuma, “Hiyo ya mita moja msiicheke. Mwaka wangu wa kwanza wa kakao nilianza na hiyo hiyo. Ikaoza yote.”

“Ndaga, Bibi,” Atupele akamshukuru kwa sauti, na kicheko kikawa kingine kabisa, hata mimi nikajikuta nimo.

Wakati ule niliamini Bibi alikuwa ananifariji tu. Miaka imepita ndipo nimeelewa kwamba hakuwahi kuanika kakao mara moja akamaliza. Aliitandaza, akatazama mawingu, akaikusanya, akaitandaza tena, akaigeuza kwa miguu hadi ikakauka. Hakuna aliyemwambia anarekebisha makosa. Hiyo ndiyo ilikuwa kuanika.

Nimekata. Mkono mmoja wa blauzi umetoka mfupi kuliko mwenzake. Naugeuza huku na huku, naona kitambaa kinachobaki kitatosha kuuongeza.