Njia ya Damu Chini ya Taya

Kile kitambaa nilimfundisha mimi mwenyewe kukifunga, na kosa hilo simsukumii mtu. Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, alizaliwa na alama nyekundu kwenye shavu la kushoto. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, alama ikainuka ikawa uvimbe laini, wa moto, na ukiuwekea kidole unahisi unapigapiga. Akawa anateremsha kitambaa cha kichwa mpaka shavuni ili aende misa bila kukodolewa macho. Mimi, muuguzi wa kituo cha afya cha Kingi, nilijiona najua kuliko wote. Nikamwambia akaze sana, fundo likae chini ya taya, uvimbe utanywea.

Haukunywea. Vita vilimtoa kijijini kwake Kalembe akaja kukaa kwangu, na Jumapili moja, tukiwa mezani, damu ikaanza kumtoka kwenye fizi. Ilijaza bakuli kabla sijaibana kwa pamba na vidole ikakata. Kesho yake tukaenda kwa miguu hospitali ya Masisi, nami njia nzima niliomba asitokwe tena, maana nisingeweza kuizuia mara ya pili.

Daktari mpasuaji pale alikuwa mzee wa Butembo, mtaratibu hadi anaudhi. Sisi wauguzi tulizoea kumtania kwamba watu wa kwao, wafanyabiashara wale, wanajua kuharakisha malori tu. Nilitaka akate siku hiyohiyo. Yeye akavuta kiti, akaketi mbele ya dada yangu na kumtazama muda mrefu.

"Mama, toa kwanza ile kitambaa," akasema. "Nani alikufundisha kufunga hivi?"

Dada akanitupia jicho mara moja tu. "Ni mimi mwenyewe, Papa."

Mzee akaweka kidole pale fundo lilipokaa, akabonyeza. Uvimbe ukajaa. Punde jicho la upande ule likawa jekundu na kuanza kutuna. Akaachia, likatulia.

"Unaona?" akaniambia. "Damu inapanda mu mushipa mukubwa wa ndani ya shingo, inaingia mu uvimbe na nguvu yote, na njo hapa inatokea. Kitambaa ilikuwa inaziba pa kutokea. Sasa inatafuta njia ingine, mu jicho ao mu fizi. Hata mufereji wa shamba, ukiziba chini na maji inakuja, inapasuka."

"Basi ufunge pa kuingilia, Papa Dokta. Ufunge ule mushipa wa shingo leo, tumalize," nikamjibu.

"Nikifunga ule na kuacha uvimbe, mishipa ingine midogo itakuja kuulisha. Itakuwa mukubwa kupita huu. Ni kuutoa wote, ao kuuacha. Leo hapana."

Nina hasira za karibu, na siku hiyo zilinitoka zote. Nilimwambia bunduki zinasikika hadi wodini, hospitali ikikimbiwa dada yangu atafia porini, na yeye hapo anapiga hesabu za vidole. Aliniacha nimalize.

"Njo maana sipashwi kukosea," akasema.

Asubuhi nne mfululizo alikuja na chupa ya dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda, akamchora usoni. Mishipa ya kuingiza aliitia misalaba, ya kutoa akaipigia mistari. Alibonyeza hapa, akangoja, akafuta, akachora upya. Alimlaza, akamketisha, akamwinamisha. Dada akacheka kwamba wamemfanya ramani ya Walikale, mito na barabara zote. Wakati huo kaka zetu wawili walitembea kutoka Mpofi, wakatoa damu, na ya wote wawili ikakubaliana na yake.

Nusu ya wafanyakazi walikuwa wamekimbia, kwa hiyo siku ya kupasua mimi ndiye niliyempa nyuzi. Alipitisha uzi chini ya mshipa wa shingo bila kuufunga, awe anauinua tu kupunguza nguvu ya damu. Kisha akafunga mishipa ya kuingiza, mmoja mmoja, akifuata misalaba yake. Nikaona ile ya kutoa, iliyokuwa myekundu na kurukaruka, inalegea na kuwa myeusi. Hapo ndipo aliponyoosha mkono. "Sasa njo zamu ya kutokea." Akaifunga hiyo nayo, kisha akautoa uvimbe wote. Hakuruka hatua hata moja, na milio ya nje haikumfanya ageuze kichwa. Nilimpenda mzee yule palepale, nikaona aibu kwa kila neno nililomrushia.

Dada alipozinduka niliangalia macho yake kwanza. Yote mawili yalikuwa yananiona. Nilidhani ataomba kioo.

"Mumezima mashine?" akauliza.

"Mashine gani, yaya?"

"Ile inalia mu sikio. Inalia tangu nilizaa mutoto wa kwanza."

Chumbani hakukuwa na mashine; iliyokuwa ikilia ni damu ya uvimbe ule. Miaka yote ile nilikuwa nimemuuliza juu ya maumivu, homa na damu. Juu ya sikio sikuwahi kumuuliza.