Padri Alipoinama Chini ya Gari

Siku ile ninayotaka kukusimulia, mwanangu Gaudensi, gari la babu yako lilikuwa limesimama mbele ya kanisa, limefungwa maua ya njano, likisubiri kubarikiwa. Mimi bibi yako nilikuwa na umri kama wako, nimeolewa juzijuzi tu. Nakueleza haya leo kwa sababu jana nimepita uani kwako nikakuta bodi ya Haisi, kile kibasi cha abiria, imekalishwa juu ya chasisi ya Landrova, na wewe umeshika makopo mawili unachagua rangi. Tangu hapo sijapata usingizi. Kaa basi, hiyo simu iweke mfukoni.

Babu yako Pankrasi hakuwa mjinga. Aliona watu wanaoshuka ziwani Kabwe kununua samaki wanavyoteseka masika, magari ya kawaida yanazama kwenye tope, na Landrova inayopita haibebi watu wa kutosha. Akapata bodi ndefu ya basi dogo lililokufa injini. Chasisi, ile mifupa ya chuma inayobeba gari zima, ilikuwa ya Landrova iliyolala kwenye nyasi miaka mingi ikinyeshewa na mvua yetu hii ya Ufipa. Ilikuwa fupi kuliko bodi, kwa hiyo yeye na fundi wa kuchomelea wakaikata katikati, wakaongezea kipande. Matundu ya bolti nayo hayakukutana. Wakatoboa mengine.

Wasiwasi wangu ulianzia hapo, na ulianzia kwenye ufagio. Mimi nilikuwa naanika ulezi pale uani, kwa hiyo kila asubuhi lazima nifagie. Kila asubuhi nikawa nakuta kutu chini ya lile gari. Kutu ya juujuu hutoka unga, unajua. Hii ilikuwa inatoka vipande, vipana kama kucha ya dole gumba. Nikamwambia Pankrasi nikiwa namwekea ugali. Akacheka.

"Perpetua, hicho ni chuma cha Mwingereza. Wewe angalia ulezi wako."

Kesho yake wakapaka chasisi rangi nyeusi, na kutu ikaacha kudondoka. Yeye akafurahi. Mimi nikazidi kuogopa, maana sasa hata hicho kidogo nilichokuwa nakiona kimefunikwa.

Sasa unajua desturi yetu. Gari jipya halibebi watu mpaka libarikiwe, na hilo ni jambo jema kabisa, silisemi vibaya. Shida ni kwamba likishamwagiwa maji ya baraka, hakuna tena anayeuliza kitu. Siku ile kwaya yetu ilikuwa inakwenda kuimba Kabwe. Mpango ulikuwa Padri abariki, halafu watu wapande hapohapo.

Padri alikuwa mzee, Mfipa mwenzetu. Alizunguka gari akinyunyiza, kisha akasimama, akakusanya kanzu yake, akainama kuchungulia chini.

"Pankrasi, nabariki gari lipi? La juu au la chini?"

Watu wakacheka. "Yote, Padri."

"La juu naliona. La chini nani amelikagua?"

"Mimi mwenyewe, Padri."

"Wewe ndiye umelitengeneza. Nimeuliza nani amelikagua."

Wakacheka tena, na Pankrasi akacheka nao. Padri akasema yeye si fundi, atatuombea safari, akarudi ndani ya kanisa. Kwaya ikaanza kupanda. Mama mkwe wangu alikuwa wa kwanza, akakaa dirishani na kitenge chake kipya.

Mimi nikabaki nimesimama chini.

"Panda, mke wangu. Watu wanatazama."

"Sipandi," nikasema. "Na mama naye namwomba ashuke."

Mama mkwe alinitazama, mwanangu, kwa jicho ambalo sitamtakia hata adui. Kisha akashuka. Aliposhuka yeye, wengine wakamfuata mmoja mmoja, kimya, maana sisi huku tunaweza kukasirika bila kufungua mdomo. Pankrasi akapakia magunia ya mahindi mahali pa watu, akaondoka peke yake.

"Umemwaibisha mumeo mbele ya kwaya nzima," akaniambia mama mkwe.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Nilijaribu kusali nikashindwa kujua niombe nini. Nikiomba gari lifike salama, nitaonekana mkorofi tu, najiombea kurudishwa kwa wazazi wangu. Nikiomba livunjike, mume wangu yumo ndani! Mwishowe nikamwombea yeye peke yake, gari nikaliacha nje ya sala. Kila ngurumo ya lori barabarani nilitoka mbio mpaka kwenye ua, na ugali ukaungua jikoni.

Alirudi jioni kwa miguu. Shati la Jumapili limechanika, kiwiko kina damu. Hakuwa amefika hata kwenye mteremko wa ziwani. Chasisi ilikatikia tambarare, kwenye kijito kidogo ambacho watoto wanavuka wakienda shule, palepale kwenye matundu mapya. Bodi ikajikunja katikati.

"Milango yote ilikwama," aliniambia. "Nimetokea dirishani, Perpetua. Mimi, kijana mwenye nguvu, nimehangaika." Akakaa chini palepale mlangoni. "Mama angetokaje?"

Akalia. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu, alisikia yote.

Mwanangu, sikukatazi. Tope la barabara ya ziwani bado lipo na watu bado wanataka kusafiri. Lakini hayo makopo ya rangi yafunike kwanza. Mtafute fundi mwingine, asiye rafiki yako, asiyetafuta kukufurahisha, aigonge chasisi kwa nyundo kutoka mwanzo mpaka mwisho wewe ukiwa umekaa kimya. Penye kutu asikubali kupaka rangi, akate. Baada yake wapelekee wakaguzi wa magari, wakikataa usitafute mlango wa nyuma. Na akitokea mtu akakataa kupanda, awe mkeo, awe mtoto, usimuulize anajua nini kuhusu chuma. Zima injini, ushuke ukamsikilize.

Mungu wa babu zako akupe mikono yenye akili na masikio yasiyoona aibu. Akulinde mlimani na tambarare, na kila utakayempakia ashuke kwa miguu yake, awakute wa kwao wakimngoja. Amina.