Saa Iliyorudi kwa Mzee Nipo

Saa tatu asubuhi, Jumanne. Barazani, mume na mke wanacheza drafti. Atakayefungwa ataosha vikombe vya chai, na mzee, aliyefungwa Jumanne nne mfululizo, anadai ameibiwa.

"Ulikuwa na kete tatu, sasa nne. Imezaa?"

"Hesabu zako zimestaafu pamoja nawe," anajibu mkewe.

Mlango wa ua unagongwa. Anaingia mwanamke wasiyemjua, amevaa sare ya dereva wa basi, amekumbatia kitu kilichoviringishwa shuka kana kwamba kabeba mgonjwa.

"Shikamooni. Namtafuta Mzee Nipo."

Jina hilo halijatamkwa uani hapa kwa muda mrefu. Kwa miaka arobaini na mitatu mzee alitengeneza saa katika kibanda kando ya soko, na kila aliyechungulia kuuliza kama fundi yupo aliitikiwa, "Nipo!" Ndani ya kila saa aliyoitengeneza alichora kwa sindano tarehe na maneno matatu: Ikigoma irudishe. Nipo.

Dereva anafungua shuka. Ni saa ya ukutani, ya mbao. Ndani yake maandishi ya miaka kumi na tisa iliyopita yamenyooka kama yamepigwa rula.

"Mama yangu haoni," anaeleza. "Dawa anakunywa kwa kusikia kengele ya saa hii. Tangu isimame, wiki mbili sasa, kutwa ananiuliza saa ngapi. Juzi kanywa vidonge vya asubuhi mara mbili. Nilimnunulia ile saa inayotamka muda kwa sauti ya mtu, akasema hapokei amri kwa mtu asiyemjua."

Jumamosi alfajiri anaondoka na basi, siku tatu. Jirani atapeleka chakula, lakini hawezi kushinda pale.

Mzee anauficha mkono wa kulia chini ya meza. Kisha anajisikia akisema, "Ipitie Jumamosi hiyo hiyo, kabla hujaondoka."

Kibanda alikifunga miezi kumi na minne iliyopita. "Watu niliwaambia mgongo umechoka," anakiri sasa, baada ya wiki hiyo kupita. "Uongo. Mkono ulianza kutetemeka. Skrubu ya saa ni ndogo kuliko mbegu ya nyanya. Siku moja nilidondosha tatu, nikafunga."

Hata mkewe alipewa hadithi hiyo hiyo ya mgongo. Tangu hapo wanaishi kwa pensheni ya uuguzi ya mkewe na kwa raha zao ndogo: drafti Jumanne, simu ya mjukuu Ijumaa, na Jumapili kuitia ufunguo saa yao ya ukutani. Saa hiyo mzee aliiunda mwenyewe kwa vipuri vilivyobaki kibandani, akaipeleka siku ya posa. Mafundi wenzake walipokwenda kuposa walivaa suti. Yeye alibeba saa.

Jumatano aliifungua saa ya dereva. Springi kuu, ule utepe wa chuma unaoisukuma saa, ilikuwa imekatika vipande viwili. Akawapigia simu mafundi watatu wa zamani. Mmoja alishafariki. Mwingine sasa anauza makava ya simu. Wa tatu alicheka: "Springi ya saa ile? Kaitafute makumbusho!"

Alhamisi, kila akifumba macho, alimwona bibi asiyemjua, kiganja kimejaa vidonge, akisubiri kengele.

Mkewe, ambaye yeye humwita mama, alimkuta amesimama mbele ya saa yao.

"Springi zinalingana," mama akasema. Halikuwa swali.

"Zinalingana. Ila ikinitoka mkononi inakata kama wembe. Na mkono wangu, mama, mkono wangu..."

"Kwani wewe ulidhani chai nakujazia nusu kikombe kwa ubahili?"

Mwaka mzima alikuwa akimficha mtu aliyekuwa akimfichia.

Mama aliitazama saa ya posa kwa muda. "Itoe springi," akasema, "kabla sijabadili mawazo."

Ijumaa walifanya kazi pamoja: maelekezo ya mzee, vidole vya mama. Simu ya mjukuu iliita hadi ikakata.

"Usiachie."

"Nimechoma watu sindano miaka thelathini na mmoja, wengine wakirusha mateke. Utepe huu utanifanya nini?"

Mara moja uliponyoka. Mama akaubana kwa kiganja, damu ikatiririka hadi kwenye kiwiko. Hakuuachia. Ilipofika jioni saa ya dereva ikaanza kutembea, ikagonga.

Mzee akachukua sindano. Chini ya maandishi ya zamani akachora tarehe mpya, herufi zikiyumba kama zimelewa: Ikigoma irudishe. Akasita. Mama, kiganja kimefungwa bandeji, akamnyang'anya sindano na kumalizia mwenyewe: Tupo.

Jumamosi dereva alikuja kabla jua halijachomoza, akaondoka na kifurushi chake akikimbia. Mzee anasema ataendelea kuulizia springi ya saa yao, hata kwa wauza vyuma chakavu. Atazunguka na mkewe. "Mshika koleo ni yeye siku hizi," anasema.

Ukutani mishale ya saa ya posa imesimama.

"Saa ngapi sasa?" mama anauliza, kwa mazoea, macho yakiwa ukutani.

"Saa ya chai."

Mama anamimina. Leo anakijaza kikombe hadi juu, na mzee anakipokea kwa mikono miwili, mbele ya macho ya mkewe.