Msiba Ulikuwa Umekwisha

Nilimpeleka baba kituo cha afya kuchukua dawa za presha, kwa sababu zamu ilikuwa yangu na kaka alikuwa amenikumbusha mara mbili kwa simu. Mimi nafundisha Katesh. Baba anaishi Bashay, peke yake na ng'ombe wanne. Tangu mama afariki nilikuwa nikitenda mambo mengi kama mtu anayenawa mikono iliyokufa ganzi. Safari ile nayo sikuihisi.

Muuguzi, msichana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, aliinama kidogo.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, daktari. Leo unanichoma sindano?”

“Leo ni maswali tu. Kila mzee anayekuja kliniki tunamuuliza kuhusu mawazo yake. Unajibu ndiyo au hapana.”

“Mtihani wa hivyo hata ng'ombe wangu atafaulu.”

Muuguzi alicheka, akasoma. “Umeacha shughuli nyingi ulizokuwa ukizipenda?”

Nilijibu mimi. Nilieleza, kwa ufasaha wa mtu aliyepitia chuo kikuu, kwamba kwetu sisi Wairaqw nyumba iliyofiwa hujitenga kwa muda, haitembelei majirani, na mifugo yake haichungwi pamoja na ya wengine. Kwamba ingawa sisi ni watu wa kanisa, baba anaiheshimu mila hiyo. Kwamba kimya chake, basi, si ugonjwa.

“Mama alifariki lini, dada?”

“Mwaka juzi, wakati wa mavuno.”

Kalamu ikasimama. “Naomba babu ajibu mwenyewe.”

Baba alitazama viatu vyake. “Msiba ulikwisha, binti. Wazee walikuja, wakaomba, wakaniambia, sasa toka. Nikatoka mpaka mlangoni pa zizi. Nikaona sina ninakokwenda, nikarudi.”

Nilikuwepo siku hiyo. Nilikula nyama, nikaosha masufuria. Nilijua msiba umekwisha, lakini mila ilinifaa: maadamu baba alikuwa amejitenga kwa heshima, sikuwa na sababu ya kwenda kumwona. Pale kliniki niliingoja aibu. Haikuja.

“Unaona ni vizuri kuwa hai?”

Chumba cha pili mtoto alikuwa akilia kwa chanjo.

“Andika hapana.”

Muuguzi aliweka karatasi mezani. “Babu, umewahi kufikiria kujiua?” Aliuliza waziwazi, jambo ambalo sisi watoto wa baba tusingethubutu kumuuliza.

“Hapana, mwanangu. Nasubiri tu.”

“Hii huenda ni sonona. Ni ugonjwa, na unatibika. Utaonana na daktari leo hii, kisha utarudi kila wiki mbili, ukiwa na mtu.” Akanigeukia. “Nani atamleta?”

“Nitakuja mwenyewe,” baba akadakia. “Huyu ana shule.”

Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba, akiachwa, hatakuja.

“Mimi,” nikasema.

“Kila wiki mbili?” Baba aliuliza kama mtu anayekataza asinunuliwe kitu.

“Kila wiki mbili, baba.”

Nikataja namba yangu ya simu, muuguzi akaiandika kwenye faili. Tulipofika kwenye korido, baba alikaa kwenye benchi, akasogea kuniachia nafasi. Sikuhisi huruma, wala upendo, wala nafuu yoyote. Nilikaa, tukangoja jina lake liitwe.