Maji ya Macho

Mama yangu hakuiamini dawa isiyouma. Ya kikohozi ilikuwa lazima iwe chungu hadi ukunje uso, ya kidonda lazima ikuchome mpaka uvute pumzi kwa meno, na sindano isiyokuacha ukichechemea aliiona kazi ya muuguzi mvivu. Sisemi haya nimcheke. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, na jirani zetu wote upande wa Kutus walikuwa hivyo, na kama tungekuwa watu wa namna nyingine labda mama angekufa akiwa anaona.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeajiriwa kupiga taipu katika ofisi moja mjini Nyeri, nimepanga chumba changu, navaa viatu vya kisigino na kujiona nimefika. Mama alibaki nyumbani, mjane, akifanya kazi ya kuchagua kahawa kiwandani. Kahawa ikishaoshwa huanikwa juu ya meza ndefu za waya, na wanawake husimama pande zote mbili wakitoa kwa vidole punje zilizovunjika, zilizooza na zilizotobolewa na wadudu. Ni kazi ya macho. Ongeza hapo jua la mchana kutwa, vumbi la maganda makavu na moshi wa jikoni, na utaelewa kwa nini macho ya mama yalikuwa mekundu sikuzote. Yalimwasha, akayasugua kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, yakazidi kumwasha.

Mwaka mmoja na mimi nikawashwa macho. Hospitalini nilipewa kichupa cha matone, nikaambiwa niweke kwa siku saba kisha niache. Siku ya tatu macho yangu yalikuwa meupe kama ya mtoto mchanga. Nilipoenda nyumbani wiki iliyofuata kichupa kilikuwa kimebaki nusu, na kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu anayetupa dawa iliyobaki. Nilimlaza mama, kichwa chake mapajani mwangu, nikamdondoshea tone moja kila jicho.

Alingoja maumivu. Hayakuja.

"Hii si dawa, maitu," alisema. "Hii ni maji."

Maitu, kwa Kikuyu, maana yake ni "mama yangu". Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, kama desturi yetu ilivyo, na kwa ajili hiyo mimi peke yangu kati ya watoto wake nilisikilizwa nikisema jambo. Tulicheka pamoja. Baada ya siku chache wekundu ulikuwa umekwisha kabisa, na jina likashika: maji ya macho.

Nimelifikiria jina hilo kwa miaka mingi. Dawa ina siku zake na hesabu ya matone yake. Maji hayana. Maji unanawa asubuhi, unanawa tena ukirudi kazini, na hakuna anayekuuliza umeanza kunawa lini. Ndivyo mama alivyoyatumia. Kabla ya kwenda kiwandani aliweka tone, akirudi akaweka, na siku ya vumbi jingi akaongeza mengine mawili.

Aliyekuwa akiyaleta ni mimi. Niliichukua karatasi niliyoandikiwa dawa hospitalini nikaipeleka kwa mzee Mhindi aliyekuwa na duka la dawa mjini. Mara ya kwanza aliniuzia bila neno. Mara ya pili alitazama tarehe, akaniuliza kama daktari amenipima tena. Nilimwambia ndiyo, kwa ile sauti ya mtu wa ofisini asiyependa kuulizwa-ulizwa. Alinitazama macho yangu yasiyo na kasoro, akasita, kisha akanipa. Baada ya hapo nikaanza kubadilisha maduka. Kila mwisho wa mwezi nilibeba mkate, sukari na kichupa, nikateremka Kutus nikiwa najiona binti mwema kuliko wote. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili.

Dalili ya kwanza ilionekana kwenye meza ya kahawa, na hatukuisoma. Msimamizi alianza kulalamika kwamba sehemu ya mama ilikuwa safi katikati, lakini kulia na kushoto punje mbovu zilikuwa zimejaa. Wenzake wakamtania kwamba siku hizi anachagua zile zinazomsalimia tu. Mama alikuwa amesimama kwenye meza zile tangu kabla ya Uhuru na hakuna aliyewahi kuirudia kazi yake, kwa hiyo aliumia sana. Nyumbani akawa anapiga teke beseni lililowekwa kando yake. Akawa anaweka kikombe mezani nusu nje nusu ndani, kikaanguka. Mimi nilimgombeza. Nilimwambia awe makini, kwamba si mzee kiasi hicho. Ningetoa chochote niyarudishe maneno hayo.

Alipogongana na nguzo ya kiwanda mchana kweupe nilimpeleka kwenye zahanati. Mhudumu, kijana mpole, alimfungua kope akamulika kwa tochi. Akamuuliza anatumia dawa gani. Mama alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni alichokuwa akijivunia.

"Dawa mimi hapana. Mimi naosha macho na maji tu, asubuhi na jioni."

Kijana akamsifu, akasema macho yake ni masafi ajabu kwa mtu wa kazi ile, na aendelee vivyo hivyo. Akatushauri tutafute miwani. Nilikuwa nimeketi pale, umbali wa mkono mmoja, kichupa kikiwa ndani ya kiondo cha mama nilichokipakata. Nililisikia lile neno maji na sikusikia chochote. Nilikuwa nafikiria basi la kurudi Nyeri.

Ulipita karibu mwaka mwingine. Jicho la kulia likawa, kwa maneno yake, kama kuchungulia kwenye tundu la kitasa. Hapo ndipo nilipomleta Nyeri, siku ambayo daktari wa macho alikuwa akija kuwaona wagonjwa. Alikuwa mtu wa makamo, hana maneno mengi. Alimtia mama matone ya ganzi, akamlaza, akamwekea juu ya jicho kidude cha chuma chenye mshale mdogo. Mshale ukasogea. Akapima tena. Ndipo akamuuliza swali lile lile, na mama akajibu vile vile, neno kwa neno. Huyu aliinua kichwa.

"Maji gani, mama?"

Mama akaingiza mkono kwenye kiondo akatoa kichupa, akampa akitabasamu.

Daktari alisoma maandishi, akakiweka mezani taratibu. Kisha akanigeukia mimi, akazungumza Kiingereza, nadhani kwa sababu ya viatu vyangu. Alisema dawa ile ni kali sana na si ya kutumiwa bila mtu kupimwa. Ilikuwa imepandisha shinikizo ndani ya macho, kimya kimya, bila maumivu na bila wekundu, na shinikizo lilikuwa likiua mshipa unaopeleka nuru kichwani. Ndiyo maana kuona kwake kulianza kupotea kutoka pembeni. Kilichokufa hakirudi, hakuna upasuaji wala miwani ya kukirudisha. Tungejaribu kuokoa kilichobaki, kama kingekubali. Akauliza nani alikuwa akimpa.

Nikasema ni mimi.

Mama alinivuta mkono akauliza kwa Kikuyu daktari amesema nini. Hayo yote yalikuwa mdomoni mwangu. Nilimtafsiria maneno mawili tu: uyaache maji.

Dawa mpya aliyopewa na daktari ilimchoma kama pilipili, na kwanza aliifurahia. Alisema hatimaye amepewa dawa. Lakini ilimtia giza ndani ya nyumba, ikamletea maumivu juu ya nyusi, na ule wekundu wa zamani ukarudi. Aliitumia miezi kadhaa kwa sababu mimi nilimsihi. Kisha hata jicho la kushoto likaanza kufunga. Ilipofika msimu wa kahawa uliofuata hakuenda kiwandani, na kabla msimu haujaisha alikuwa akinitambua kwa mwendo, nami nikaacha kazi Nyeri nikarudi nyumbani kumtunza.

Sasa angalieni hesabu yake, maana haikuwa ya mtu mjinga. Alipokuwa na maji yake, macho yalikuwa meupe na aliona. Daktari aliyachukua maji akampa moto, na akapofuka. Kwa hiyo aliyemharibu ni daktari. Alilisema hilo kwa kila aliyekuja kumpa pole. Alilisema kwenye maombi, kwa heshima zote, akimwomba Mungu amwonyeshe mtu yule alichokifanya. Nami aliniombea baraka, kwa kuwa nilijaribu. Mara nyingine aliniomba nimtafutie yale maji tena, hata kichupa kimoja, na nilimjibu kwamba siku hizi hayapatikani madukani. Nilikuwa nimechoka na woga wangu na sikujua pa kuuweka.

Hali hiyo iliendelea miaka miwili. Halafu Jumapili moja alasiri akaja mama mmoja wa kanisani, jirani, na katika mazungumzo akasema macho yake yanamwasha siku nyingi. Mama alifurahi kuwa na kitu cha kumpa mtu.

"Mwambie binti yangu akutafutie maji ya macho. Mimi yalinisaidia sana."

Yule mama akanigeukia. Alikuwa na wajukuu, alikuwa na shamba, alikuwa anaona. Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. Nikamwambia asiyaguse. Nikasema ndiyo yaliyomharibu mama macho, si daktari, na kwamba nililijua hilo tangu siku ile hospitalini.

Mgeni aliaga mapema. Mama alikaa ameelekeza uso mlangoni kama bado kuna mtu pale, na nilisubiri. Alikuwa mgombezi hodari, mtu wa kukuanzia utotoni mwako hadi ulipofika. Nilitamani aanze.

"Kwa hiyo nimemsingizia yule mtu," alisema mwishowe. "Mbele ya Mungu, miaka miwili. Nipeleke nikamwombe radhi."

Nilienda Nyeri kumtafuta. Waliniambia alihamishwa zamani, wengine wakasema yuko pwani, wengine wakasema alirudi kwao. Nilirudi nikamwambia mama. Akaitikia kwa kichwa, akauliza kama mvua imenyesha upande wa huko.

Aliishi miaka tisa baada ya siku hiyo. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimshika mkono kwenda kanisani na kurudi. Jambo lile hakulitaja tena. Hakunilaumu na hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.